Kodi Iongezwe au Huduma Zipunguzwe? Hesabu za Jiji la Cleveland

Hakuna katibu wa chama cha msingi asiyelijua swali hili. Makisio ya mapato na matumizi yamekwisha andaliwa, na mapato hayatoshi. Bei ya magunia imepanda, paa la ghala linavuja, karani wa mizani anadai mshahara wa miezi miwili, na mazao yaliyoletwa msimu uliopita yalikuwa pungufu. Mbele ya mkutano mkuu kuna njia mbili: kuongeza ushuru wa chama unaokatwa kwa kila kilo, au kufunga kituo kimoja cha kununulia mazao na kuwaacha wanachama wa upande ule wabebe mizigo yao mpaka makao makuu ya chama. Wanachama hunung'unikia njia zote mbili. Kisha huinuka mmoja akauliza kama hakuna njia ya tatu.

Njia ya tatu huwapo daima, nayo ndiyo inayostahili kuchunguzwa katika makala haya. Ni kukopa, au kuuza mali ya chama, au kuchota katika mfuko uliowekwa kwa kazi nyingine, ili mwaka upite bila ya mtu kuudhika. Jiji la Cleveland katika Marekani liliifuata njia hiyo kwa miaka kadhaa, mpaka usiku wa tarehe 15 Desemba 1978 liliposhindwa kulipa deni lake kwa siku yake. Hesabu zake zinasomeka kama taarifa ya ukaguzi wa chama cha msingi. Kilichozidi ni ukubwa wa tarakimu tu.

Jiji lenyewe

Cleveland limo katika jimbo la Ohio, kando ya ziwa Erie. Lilitajirika kwa chuma cha pua, mafuta na vipuri vya magari. Huko ndiko John D. Rockefeller alikoanzisha kampuni yake ya mafuta ya Standard Oil mwaka 1870. Viwanda vilikuwa vingi kiasi kwamba mto Cuyahoga, unaopita katikati ya jiji, ulikuwa ukishika moto kwa mafuta na takataka zilizoelea juu yake; moto wa Juni 1969 ulijulikana dunia nzima, ingawa haukuwa wa kwanza.

Mwaka 1950 jiji lilikuwa na watu 914,808. Mwaka 1970 walikuwa wamebaki kiasi cha 750,000, na hesabu ya watu ya mwaka 1980 ilikuta 573,822. Waliohama hawakwenda mbali. Wengi walijenga katika miji midogo inayolizunguka jiji, yenye halmashauri zake na kodi zake, wakawa wanakuja mjini asubuhi kufanya kazi na kurudi kwao jioni. Wenye kipato kizuri ndio waliotangulia kuondoka.

Hapo pana jambo ambalo wengi hawalitazami wanaposema kwamba watu wakipungua na gharama zitapungua. Bomba la maji lililochimbwa kwa ajili ya kaya kumi halipungui urefu kaya nne zikihama. Barabara ni ile ile, gari la zimamoto ni lile lile, na dereva wake anataka mshahara ule ule. Kila katibu ambaye wanachama wake wameanza kuwauzia walanguzi anaijua hesabu hii: kilo zinazopita katika mizani zimepungua nusu, lakini mlinzi wa ghala hawezi kulipwa nusu ya usiku.

Kodi zilizokuwapo

Jiji lilitegemea kodi mbili kubwa. Ya kwanza ni kodi ya majengo na viwanja, ambayo lilipaswa kugawana na shule na wilaya. Ya pili ni kodi ya mapato ya jiji, inayokatwa na mwajiri katika mshahara kabla mfanyakazi hajaupokea, kama vile ushuru wa chama unavyokatwa kabla mkulima hajalipwa fedha ya mazao yake. Kodi hii hutozwa mahali kazi inapofanyika. Kwa hiyo mtu anayelala katika mji wa jirani na kufanya kazi Cleveland huilipa Cleveland, ingawa hana kura huko. Wenyeji wa jiji waliiona kuwa ni haki, kwa sababu mtu huyo hutumia barabara na polisi wa jiji mchana kutwa. Watu wa viungani waliiona kuwa ni kutozwa bila kuulizwa. Kila upande ulikuwa na hoja.

Sheria ya Ohio iliweka mpaka ulio wazi. Halmashauri ya jiji inaweza kutoza kodi hiyo kufikia asilimia moja kwa uamuzi wake yenyewe. Kuvuka hapo, lazima wananchi wapige kura. Cleveland ilikuwa imefika kwenye asilimia moja kabla ya mwaka 1970. Tangu hapo kila senti ya ziada ilihitaji idhini ya wapiga kura, jambo ambalo kwa mtazamo wa ushirika ni jema, ila linamtaka kiongozi awe tayari kusimama mbele ya watu na kuwaeleza hesabu.

Meya Carl Stokes, Mmarekani mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuongoza jiji kubwa la nchi hiyo, alisimama mbele yao mwaka 1970 akaomba kodi iongezwe. Wananchi wakakataa. Mwaka uliofuata alichaguliwa Ralph Perk, ambaye aliahidi kutoongeza kodi, na ahadi hiyo aliitimiza. Hapo ndipo penye somo la mkaguzi wa hesabu.

Jinsi mwaka ulivyopitishwa bila kodi

Kama kodi haiongezwi, na bei za vitu zinapanda kama zilivyopanda miaka ile ya sabini, na huduma hazipunguzwi waziwazi, basi fedha inatoka wapi? Katika Cleveland ilitoka mahali patatu.

Mahali pa kwanza ni mali. Mitambo ya kusafishia maji machafu ilihamishiwa kwenye mamlaka ya kanda iliyoundwa mwaka 1972, na mabasi na treni za jiji zikahamia kwenye mamlaka nyingine mwaka 1975. Yapo mambo mazuri ya kusemwa juu ya uhamisho huo, kwa sababu maji machafu hayajui mpaka wa halmashauri, na si vibaya wa viungani wakashiriki gharama. Lakini fedha inayopatikana kwa kutoa mali hupokelewa mara moja tu, ilhali mishahara hulipwa kila mwezi. Aliyeuza ng'ombe ili alipe ada ya shule ya muhula mmoja, muhula wa pili atauza nini?

Mahali pa pili ni misaada ya serikali kuu ya Marekani, ambayo miaka ile ilikuwa ikigawiwa kwa majiji. Huo haukuwa wizi wala hila. Udhaifu wake ni kwamba mkono unaotoa unaweza kufumba.

Mahali pa tatu ndipo palipokuwa pabaya. Jiji lilikuwa limekopa fedha kwa kuuza hati za mkopo za muda mrefu kwa ajili ya kazi maalumu: madaraja, mabomba, majengo. Wanunuzi wa hati hizo waliahidiwa kwamba fedha yao itajenga kitu kitakachodumu. Badala yake mamilioni ya dola ya fedha hizo yalichotwa na kutumika katika matumizi ya kawaida, na vitabu vilikuwa vimevurugika kiasi kwamba wakaguzi walioitwa baadaye walitaabika kuonyesha ni kiasi gani kilichokwenda wapi. Sambamba na hayo, jiji lilikuwa likikopa benki kwa hati za muda mfupi, za mwaka mmoja, ambazo zikiiva hubadilishwa kwa hati mpya. Deni la namna hiyo halionekani kuwa deni. Kila mwaka mtu hutia sahihi karatasi nyingine, na mambo yanaendelea, mpaka siku mwenye benki anapokataa kutia sahihi ya kwake.

Ifahamike kwamba hapakuwa na haja ya mtu kuiba. Katika vyama vya ushirika pia, hasara nyingi kubwa hazianzi na katibu kukimbia na sanduku la fedha. Huanza na mfuko wa ujenzi wa ghala kuazimwa ili kulipa mishahara ya mwezi mmoja, kwa nia njema, kwa ahadi ya kurudishwa msimu ukifunguliwa. Hakuna aliyeandika azimio. Msimu unafunguliwa, mfuko haurudishwi, na mwaka wa pili unaazimwa tena.

Mtambo wa umeme

Mali moja ilikuwa bado haijauzwa. Tangu mwanzo wa karne ya ishirini, Meya Tom Johnson alikuwa akihubiri kwamba jiji liwe na umeme wake lenyewe ili kuizuia kampuni binafsi isipandishe bei itakavyo. Mwaka 1914, wakati wa Meya Newton Baker, jiji lilifungua mtambo wake, nao ukauza umeme kwa senti tatu kwa uniti. Wenyeji waliuita Muny Light. Haukuhudumia jiji zima. Sehemu kubwa ilibaki mikononi mwa kampuni binafsi ya Cleveland Electric Illuminating, na katika mitaa kadhaa mkazi aliweza kuchagua achukue umeme wa nani. Wanaushirika hawahitaji kuelezwa faida ya mpango huo: mnunuzi wa pili akiwapo sokoni, mnunuzi wa kwanza hujifunza adabu.

Kufikia miaka ya sabini mtambo ulikuwa umechakaa. Jiji halikuufanyia matengenezo yaliyopasa, likawa linanunua umeme kutoka kwa kampuni ile ile lililoshindana nayo, na malipo yakacheleweshwa mpaka yakawa deni. Jiji nalo liliishitaki kampuni mwaka 1975, likidai kwamba inatumia nguvu zake kuua mshindani wake. Meya Perk alikubali kuiuzia kampuni hiyo Muny Light, na kesi ifutwe.

Hapo akatokea Dennis Kucinich, kijana wa miaka 31, aliyegombea umeya mwaka 1977 kwa ahadi ya kuvunja mauzo hayo. Alishinda, na akayavunja. Naye pia alikuwa ameahidi kutoongeza kodi. Mtu anaweza kusifu ushupavu wake juu ya umeme, na ni haki asifiwe, lakini lazima isemwe kwamba ahadi zote mbili kwa pamoja hazikuwa na hesabu nyuma yake. Asiyeuza wala asiyetoza lazima apunguze, na kupunguza alikuta ni kugumu.

Mwaka 1978 ulikuwa wa vurugu. Mwezi Julai polisi waligoma. Mwezi Agosti maadui wa meya waliitisha kura ya kumwondoa madarakani, akaponea chupuchupu kwa kura 236 kati ya kura zaidi ya 120,000. Na mwisho wa mwaka zilikuwa zinaiva hati za muda mfupi zenye thamani ya dola milioni 14, zilizoshikwa na benki sita za mjini hapo.

Fedha hiyo ilikuwa ndogo kwa jiji kama lile. Benki zingeweza kuzibadili hati kama zilivyofanya zamani. Safari hii zilikataa. Meya alidai kwamba mkuu wa benki iliyo kubwa kuliko zote, Cleveland Trust, alimpa sharti: auze Muny Light, na mikopo itapatikana. Wenye benki walikana, wakasema kwamba walichokosa ni imani katika hesabu za jiji. Uchunguzi wa kamati ndogo ya Bunge la Marekani ulitazama uhusiano wa benki hizo na kampuni ya umeme, kwa kuwa wakurugenzi wengine walikaa katika bodi za pande zote mbili. Mabishano juu ya nani alisema kweli yameendelea kwa miaka mingi. Kwa mkaguzi, hata hivyo, kauli zote mbili zinaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Mwenye benki aweza kuitamani mali yako, na vitabu vyako vikawa vimevurugika vile vile. Tena vitabu vilivyovurugika ndivyo vinavyompa yeye nafasi ya kuitamani.

Katika halmashauri, chini ya rais wake George Forbes, palikuwa na mpango wa kuunganisha mambo mawili: wananchi waulizwe juu ya kodi, na Muny Light iuzwe. Meya alitaka wananchi waulizwe juu ya kodi, na Muny Light ibaki. Siku ya tarehe 15 walibishana mpaka karibu saa sita usiku. Saa sita ikapiga, na Cleveland likawa jiji kubwa la kwanza la Marekani kushindwa kulipa deni lake tangu mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya thelathini.

Maswali mawili, karatasi moja

Baada ya aibu hiyo ndipo walipokubaliana kuwauliza wananchi. Kura ilipigwa tarehe 27 Februari 1979, nayo ilikuwa na maswali mawili yaliyotengana. Kwanza: je, kodi ya mapato iongezwe kutoka asilimia moja hadi asilimia moja na nusu? Pili: je, Muny Light iuzwe?

Kutengana huko kulikuwa na maana kubwa kuliko watu wengi walivyotambua. Kama swali lingekuwa moja, mwananchi aliyekubali kodi lakini hataki kuuza angelazimika kumeza vyote au kutapika vyote. Yaliyotengwa yalimwacha ajibu kila jambo kwa uzito wake. Na alijibu: kodi iongezwe, Muny Light isiuzwe. Katika maswali yote mawili, waliokuwa upande wa ushindi walikuwa kiasi cha wawili kwa kila mmoja aliyepinga.

Mzigo wenyewe ulikuwa kiasi gani? Mfanyakazi aliyepata dola 10,000 kwa mwaka alikuwa akikatwa dola 100. Sasa angekatwa 150. Nyongeza ni dola 50 kwa mwaka, takriban dola moja kwa juma. Upande wa pili wa mizani palikuwapo kupunguzwa kwa wafanyakazi katika idara za jiji, pamoja na polisi na zimamoto, katika jiji ambalo nyumba tupu zilikuwa nyingi na moto ulikuwa jambo la kila usiku.

Wapo waliosema kwamba kodi hiyo haikuwa ya haki hata kama ilikuwa ndogo. Hoja yao ina uzito. Kodi ya mapato ya miji ya Ohio hukatwa katika mishahara na faida ya biashara, lakini haigusi riba ya akiba wala gawio la hisa. Mzee wa pensheni amesamehewa, na hilo ni jema. Lakini tajiri anayeishi kwa gawio amesamehewa pia. Na asilimia ni ile ile kwa mfagizi na kwa meneja. Vyama vya msingi vimeliona jambo la namna hii vilipochagua kati ya ushuru wa kila kilo na mchango wa kila kichwa. Ushuru wa kilo humtoza zaidi mwenye shamba kubwa. Mchango wa kichwa humtoza sawa mjane mwenye nusu ekari na mwenye ekari ishirini, na ingawa ni rahisi kuukusanya, mara nyingi ndio unaowaondoa wadogo katika chama. Anayeuliza kiasi cha nyongeza bila kuuliza nani anaibeba ameuliza nusu ya swali.

Kwa nini wananchi waliokataa mwaka 1970 walikubali mwaka 1979? Hofu ilikuwamo, bila shaka. Lakini hofu peke yake ingeweza kuwafanya wauze mtambo pia, nao hawakuuza. Inaelekea kwamba jambo lililobadilika ni kuwa kwa mara ya kwanza deni lilikuwa wazi. Kwa miaka tisa walikuwa wameambiwa na viongozi wa kila upande kwamba huduma zinaweza kuendelea bila wao kulipa zaidi, na wakaamini, kwa maana barabara zilikuwa zikifagiliwa. Hakuna aliyewaonyesha mfuko uliokuwa ukifaguliwa ili barabara zifagiliwe.

Kilichofuata

Nyongeza ya mwaka 1979 haikutosha. Hili ndilo ambalo wasimuliaji wa kisa cha Cleveland hulipitia haraka, na ndilo linalowahusu zaidi makatibu. Meya Kucinich alishindwa katika uchaguzi wa Novemba 1979, akaingia George Voinovich. Jimbo la Ohio lilitunga sheria ya kusimamia miji iliyoanguka kifedha, na tume iliwekwa juu ya jiji, ikakaa hapo mpaka mwaka 1987. Madeni yalipangwa upya na benki mwaka 1980. Jiji likarudi tena kwa wananchi kuomba kodi ifike asilimia mbili. Mwezi Novemba 1980 wakakataa. Februari 1981 wakakubali. Wakati huo huo idadi ya wafanyakazi wa jiji ilipunguzwa.

Kwa hiyo swali la kuchagua kati ya kodi na huduma likajibiwa kwa kupewa vyote viwili. Katika muda wa miaka miwili kodi iliongezeka maradufu, huduma zikapungua, na halmashauri ikapoteza kwa muda sehemu ya mamlaka yake juu ya makisio yake yenyewe. Haijulikani kwa yakini nyongeza ndogo ya mwaka 1970 ingezuia kiasi gani cha hayo, kwa maana watu walikuwa wakihama vyovyote vile. Lakini riba ya miaka tisa isingelipwa, na fedha za madaraja zingekuwa katika madaraja.

Muny Light ilibaki mali ya jiji. Mwaka 1983 ilipewa jina la Cleveland Public Power, na iko mpaka leo. Ile kesi dhidi ya kampuni ya umeme jiji lilishindwa mahakamani mwaka 1981, na shirika limekuwa na matatizo yake ya matengenezo na bei, kama mali yoyote ya umma isiyoangaliwa kila siku. Hata hivyo mwaka 1998 halmashauri ya jiji ilimtunuku Kucinich heshima rasmi kwa kukataa kuliuza.

Namna jambo linavyofikishwa mkutanoni

Katika vyama vya msingi vya Tanzania mamlaka yako mahali pale pale yalipokuwa Cleveland: kwa wanachama. Mkutano mkuu ndio unaopitisha makisio, na ndio unaopitisha ukomo wa madeni kabla haujapelekwa kwa Mrajis. Ukomo huo si karatasi ya kukamilisha jalada. Ni ule mpaka wa asilimia moja wa Ohio katika vazi jingine: bodi isiuvuke bila kuwauliza wenye chama. Chama kinachoomba ukomo wa juu kila mwaka, na kukopa mpaka ukingoni ili kulipia matumizi ya kawaida, kimekwisha ongeza ushuru wa msimu ujao bila ya kumwambia mtu.

Katibu anayeandaa mkutano wa namna hiyo anaweza kuazima mambo mawili matatu. Hoja ya kuongeza ushuru na hoja ya kuuza mali, kama vile kiwanja, lori au mashine ya kukoboa, ziandikwe katika ajenda kama hoja mbili, zijadiliwe mbali na kupigiwa kura mbali. Bodi ikiziunganisha, mkutano na uulize kwa nini. Nyongeza itajwe kwa shilingi, kwa mwanachama mwenye gunia moja na mwenye magunia mia, wala isitajwe kwa asilimia tu. Na kando yake katibu ataje kitakachofungwa nyongeza ikikataliwa, kwa jina la kituo na jina la kijiji, siyo kwa maneno ya jumla kama "huduma zitaathirika." Watu hawapigii kura maneno kama hayo.

Mfuko wa kazi maalumu ukiwa umeguswa, hiyo nayo isomwe mkutanoni kabla ya kura, hata kama ni aibu. Wapo makatibu wanaoona kwamba kukiri jambo hilo siku ya kuomba nyongeza ni kujitia kitanzi. Ya Cleveland yaonyesha kinyume chake: walipofichwa, wanachama wa jiji lile walikataa, walipoonyeshwa, walikubali.

Jiji lenyewe halikumaliza kuulizwa. Mwezi Januari 2004, mapato yalipopungua, halikwenda kwa wapiga kura. Lilichagua kupunguza huduma, na zaidi ya polisi 200 waliachishwa kazi. Mwezi Novemba 2016, chini ya Meya Frank Jackson, lilikwenda kwao kuomba kodi itoke asilimia mbili hadi mbili na nusu, likieleza kwamba vinginevyo wafanyakazi wataachishwa tena. Wapiga kura walikubali kwa wingi mdogo, na kodi mpya ikaanza Januari 2017. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilikuta wamebaki 372,624. Mwaka huo huo, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, maelfu ya wafanyakazi wa maofisini walibaki nyumbani kwao viungani na kufanya kazi huko. Kwa sheria ya muda waliendelea kukatwa kodi ya jiji. Tangu mwaka 2022 sheria hiyo haipo tena, na anayefanya kazi nyumbani kwake nje ya mpaka hakatwi na Cleveland kwa siku hizo. Halmashauri inaandaa makisio yake kila mwaka ikiwa na hesabu hiyo mezani.